Donge Ambalo Halikuwa Donge: Historia ya Uvimbe Unaoota Ndani ya Mshipa Mkubwa

SEHEMU YA 1: Mama wa kitanda cha dirishani

Nimetoka zamu ya usiku leo asubuhi, nimelala, nimeamka, nimekunywa chai, sasa nakaa nilipe deni. Niliwaahidi mfululizo mwingine wa historia ya tiba. Leo nimechagua ugonjwa ambao wengi wetu hatutauona maishani: saratani inayoota kwenye ukuta wa mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ni adimu kweli kweli. Lakini ukipita mbele ya macho yako usiutambue, mtu anaumia.

Nianze na mgonjwa, maana bila yeye nisingeitafuta historia hii. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili asijulikane.

Miaka michache nyuma, kwenye hospitali niliyokuwa nafanya kazi wakati ule, tulikuwa na mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, muuza maandazi. Miguu yote miwili imevimba, ukibonyeza kwa kidole panabaki shimo. Ultrasaundi ilionyesha kitu kama donge la damu kwenye mshipa mkubwa wa tumboni, akaanzishiwa dawa ya kuzuia damu kuganda. Kwa donge la damu, hiyo ndiyo tiba. Hakuna aliyekosea hapo.

Jioni moja nampima presha, akaniambia, "Sista, hii miguu mbona haishuki? Kanda mbili nilizokuja nazo leo haziingii."

Nikamjibu, "Dawa inachukua muda, mama, vumilia kidogo."

Nikarudi mezani nikaandika kwenye faili: *Hali inaridhisha, anaendelea na matibabu.* Ni maneno yale yale ya zamu iliyonitangulia, nimeyanakili tu. Nikafanya hivyo zamu tatu mfululizo.

Shikeni hapo. Tutarudi kwa mama.

SEHEMU YA 2: Mshipa wenyewe

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Damu inatoka kwenye moyo kwa ateri na inarudi kwa vena. Vena za miguuni, nyonga, figo na ini zote zinamwaga kwenye bomba moja kubwa linalopanda mbele ya uti wa mgongo, upande wa kulia, linapita nyuma ya ini, linatoboa kiwambo na kuingia kwenye moyo. Hilo linaitwa vena kava ya chini. Ukuta wake ni mwembamba, ila ndani yake kuna misuli laini. Seli za misuli hiyo zikigeuka kuwa saratani, ugonjwa unaitwa leiomiosakoma. Mimi nitasema sakoma tu, tusichoshane.

Sasa angalia ujanja wake. Inakua polepole, na mwili unapata muda wa kufungua njia za pembeni. Damu ikikuta barabara kuu imefungwa, inapita vichochoroni. Kwa hiyo mtu anaweza kutembea na uvimbe miezi mingi, hata zaidi, na dalili ni za kawaida tu.

Dalili zinategemea uvimbe uko ghorofa gani. Ukiwa chini, kabla ya mishipa ya figo, miguu inavimba. Ukiwa katikati, kati ya figo na ini, mtu analalamika maumivu ya tumbo upande wa kulia au mgongoni, atatibiwa vidonda vya tumbo mpaka achoke. Ukiwa juu, pale vena za ini zinapoingilia, ini linavimba na tumbo linajaa maji. Hali hiyo ya njia ya kutolea damu ya ini kuziba ina jina lake, Budd-Chiari. Mwingereza George Budd aliielezea mwaka 1845, na Hans Chiari akaifafanua zaidi mwaka 1899.

Miguu kuvimba, maumivu ya tumbo, tumbo kujaa maji: niambieni ni wodi gani ya wagonjwa wa ndani haina watu wa namna hii leo. Sakoma inajificha katikati ya umati.

SEHEMU YA 3: Miaka 57 ya maiti

Mwaka 1871, daktari aitwaye Perl aliandika taarifa kwenye jarida la Rudolf Virchow, yule bingwa wa Ujerumani aliyetufundisha jinsi damu inavyoganda ndani ya mishipa na donge linavyosafiri hadi mapafuni. Taarifa ilihusu sakoma ya vena kava ya chini, na inahesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa. Uvimbe ulikutwa wakati wa kuchunguza maiti.

Kwa miaka mingi iliyofuata mambo yakaenda hivyo. Mgonjwa anavimba, anatibiwa hiki na kile, anafariki, ndipo maiti inapopasuliwa na sababu kujulikana. Daktari anaandika, jarida linachapisha, familia imeshazika.

Upasuaji wa kwanza unaotajwa wa kuuondoa uvimbe huu kwa mgonjwa aliye hai ni wa Melchior, mwaka 1928. Toa hesabu: 1928 kasoro 1871 ni miaka 57.

Kwa nini muda wote huo? Siyo kwamba madaktari walikuwa wavivu. Walikosa vitu vitatu: namna ya kushona mshipa, namna ya kuona ndani ya mtu aliye hai, na namna ya kusimamisha mto wa damu bila kumuua mwenye damu. Kila kimoja kina hadithi yake, na karibu hakuna hata mmoja kati ya waliovipata aliyekuwa anafikiria sakoma ya vena kava.

SEHEMU YA 4: Rais na mfumaji

Juni 1894, mji wa Lyon, Ufaransa. Rais Sadi Carnot yuko kwenye gari la farasi baada ya karamu. Kijana wa Kiitaliano aitwaye Caserio anasogea na kumchoma kisu tumboni. Kisu kinakata vena kubwa inayopeleka damu kwenye ini. Madaktari wanafika, wanafungua jeraha, wanaona damu inatoka, lakini hawawezi kuuunga mshipa. Rais wa nchi akafariki usiku ule ule akiwa mikononi mwa wataalamu.

Mjini humo alikuwepo kijana anayesomea udaktari, Alexis Carrel. Lile jambo lilimkera. Kama tunashona ngozi na tunashona utumbo, kwa nini tushindwe mshipa? Tatizo la mshipa ni kwamba ukishona vibaya, damu inaganda penye uzi na njia inaziba. Lyon ilikuwa mji wa hariri, basi Carrel akaenda kujifunza kwa fundi wa kutarizi, Madame Leroudier. Alijifunza kushika sindano nyembamba sana na uzi wa hariri, akazipaka mafuta zisikwaruze ukuta wa mshipa.

Mwaka 1902 akachapisha mbinu yake. Unaweka nyuzi tatu kuzunguka mdomo wa mshipa, unazivuta, duara linageuka pembetatu, na sasa unashona upande mmoja mmoja ulionyooka badala ya kuhangaika na mviringo. Mwaka 1912 alipewa Tuzo ya Nobel. Mpaka leo wapasuaji wa mishipa duniani kote wanatembea kwenye njia aliyoifungua.

Huwa nawaambia wanafunzi wanaokuja kujifunza wodini: tuzo alipewa daktari, lakini mshono aliufundishwa na mama wa kutarizi. Usidharau mkono wa mtu.

SEHEMU YA 5: Nesi mwenye funguo

Hapa wenzangu wa kada yetu mkae vizuri.

Mwaka 1929, mji mdogo wa Eberswalde, Ujerumani. Daktari kijana, Werner Forssmann, anaamini mrija mwembamba unaweza kupita kwenye vena ya mkono mpaka kwenye moyo bila mtu kufa. Mkubwa wake anamkatalia. Na vifaa vyote vimefungwa kabatini, funguo anazo nesi wa chumba cha upasuaji, Gerda Ditzen.

Forssmann akaanza kumshawishi. Gerda akakubali, tena akajitolea yeye mwenyewe ndiye awekwe huo mrija. Akalala kitandani, Forssmann akamfunga mikono na miguu kama kawaida ya upasuaji. Kumbe ni ujanja! Alipogeuka pembeni, alijichanja mkono wake mwenyewe, akausukuma mrija ndani ya vena yake. Gerda alipogundua, ameshafungwa. Alipomfungua, wakashuka wote ngazi hadi chumba cha eksirei, mrija ukiwa ndani ya mwili, na picha ikaonyesha ncha imefika kwenye moyo. Sentimita 65.

Mwaka 1956 Forssmann alipata Nobel pamoja na wenzake wawili. Gerda hakupata. Ila hebu fikirini: nesi aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza, na aliyekuwa na funguo. Bila yeye kabati lisingefunguka.

Njia ikawa wazi. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Sweden akaonyesha namna rahisi ya kupitisha mrija kwa sindano na waya, bila kuchanja sana. Mrija ukishaingia kwenye vena, unamimina dawa inayoonekana kwenye eksirei, unapiga picha. Dawa ikipita kote sawasawa, mshipa ni mzima. Ikizunguka kitu kilichokaa katikati kama mto unavyozunguka jiwe, kuna jambo.

Halafu kikaja kipimo cha CT. Picha ya kwanza ya mgonjwa ilipigwa London mwezi Oktoba 1971, kwa mashine ya mhandisi Godfrey Hounsfield. Aliyegawana naye Nobel ya mwaka 1979, Allan Cormack, alizaliwa Johannesburg, na wazo la hesabu zake lilianza miaka ya 1950 alipokuwa mwanafizikia kwenye hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Kwa hiyo mzizi mmoja wa mashine hii uko barani kwetu.

Kwa nini CT ni muhimu hapa? Mgonjwa akichomwa ile dawa ya kung'arisha picha, donge la damu la kawaida halinywi dawa, maana halina mishipa yake. Ni kitu kilichokufa. Uvimbe una mishipa yake, unakula, unakunywa, kwa hiyo na dawa inaingia na wenyewe unang'aa. Tofauti ya donge na saratani inaweza kuwa ni huko kung'aa tu.

SEHEMU YA 6: Kusimamisha mto

Kuna kuona, halafu kuna kukata. Vena kava ikichanika tumboni, damu haitoki kwa matone, inajaa kama ndoo chini ya bomba.

Mwaka 1908, James Hogarth Pringle wa Glasgow aliandika jambo rahisi ajabu: ini likivuja damu, shika kwa vidole ule ukanda unaopitisha mishipa inayoingia kwenye ini, bana, na damu inapungua hapo hapo. Wapasuaji wa ini bado wanafanya hivyo leo, na kubana huko kunaitwa kwa jina lake.

Lakini je, uvimbe ukiwa umepanda mpaka ndani ya moyo? Huwezi kubana moyo.

Jibu lilianzia kwenye kesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Boston, daktari kijana John Gibbon alipewa kazi ya kumkesha mama aliyefanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo, ambaye donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa mapafu. Kazi yake ilikuwa kupima mapigo na presha kila dakika 15, usiku kucha. Jamani, hiyo ni kazi yetu kabisa! Alimwona anavyobadilika rangi, vena zikivimba, na akawaza: kama ningeweza kuitoa hii damu nyeusi kwenye vena, niitie hewa nje ya mwili, niirudishe kwenye ateri. Asubuhi mama alipasuliwa haraka, lakini hakupona.

Gibbon hakuliacha lile wazo. Yeye na mke wake Mary, aliyekuwa fundi wa maabara, walijenga mashine na kuijaribu kwa paka wa mitaani, ambao Gibbon alikuwa anawanasa usiku kwa chambo cha samaki. Ilichukua zaidi ya miaka 20. Tarehe 6 Mei 1953, Philadelphia, binti wa miaka 18 alizibwa tundu la moyo huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Alipona. Leo uvimbe wa vena kava uliopanda hadi moyoni unaweza kuondolewa mgonjwa akiwa kwenye mashine iliyotokana na ile.

Upande wa ini, Thomas Starzl wa Denver alianza kupandikiza ini kwa binadamu mwaka 1963. Mgonjwa wa kwanza, mtoto, alifariki mezani kwa kutoka damu. Ilibidi kufika 1967 ndipo wagonjwa waanze kuishi muda mrefu zaidi. Ila huwezi kupandikiza ini bila kujua kuibana na kuiunga vena kava, kwa hiyo ujuzi ule ukawafikia pia wenye uvimbe. Mwaka 1988 Rudolf Pichlmayr wa Hannover, Ujerumani, alienda mbali zaidi: akalitoa ini zima nje ya mwili, likapozwa, akakata uvimbe mezani, akalirudisha kwa mwenyewe.

SEHEMU YA 7: Watu 218

Mwaka 1996, timu ya Mingoli wa Roma ilikusanya kumbukumbu za wagonjwa wa sakoma ya vena kava kutoka duniani kote. Miaka 125 tangu Perl, walipata 218. Dunia nzima. Wengi walikuwa wanawake. Kati ya wale ambao uvimbe wao uliondolewa wote, karibu nusu walikuwa hai baada ya miaka mitano.

Nusu. Wengine mtasema ni ndogo. Mimi naikumbuka ile miaka 57 ambayo wote walijulikana wakiwa maiti.

Upasuaji wa leo, kwa kifupi: uvimbe unatolewa pamoja na kipande cha mshipa, na kingo zake lazima ziwe safi, zisibaki na seli za saratani. Kinachobaki kinategemea ghorofa. Uvimbe ukiwa mdogo, ukuta unawekewa kiraka. Ukiwa mkubwa, kipande kizima kinakatwa na kuwekwa bomba la bandia. Na kuna wakati mshipa unafungwa tu, hauungwi tena, kwa sababu vichochoro vya mwili vimeshazoea kubeba mzigo. Hata figo hazilingani: vena ya figo ya kushoto ina matawi ya kupumulia, ikifungwa mahali panapofaa figo inaweza kuendelea. Ya kulia haina bahati hiyo.

Dawa za saratani na mionzi zinasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini mpaka leo tegemeo kubwa ni kuutoa uvimbe wote. Ndiyo maana kuchelewa ni adui.

SEHEMU YA 8: Faili

Turudi kwa mama.

Zamu ya nne nilichukua tepu. Sijui kwa nini siku ile, labda ni zile kandambili zilizokuwa chini ya kitanda zikinitazama. Nikampima mapaja na miguu, nikaenda kwenye faili kulinganisha na vipimo vya siku aliyolazwa. Hakukuwa na kipimo chochote. Wiki nzima tumeandika "inaridhisha" bila kuwa na cha kulinganisha nacho. Nikamwomba afunue tumbo. Vena zilikuwa zimechora chini ya ngozi kama mizizi, zinapanda kutoka kinenani kwenda kifuani. Vile vichochoro nilivyowaambia.

Nilimwita daktari wa zamu. Nikamwonyesha tumbo na namba zangu. Alinyamaza kidogo, akaniuliza, "Haya yameanza lini?" Nikashindwa kumjibu.

CT ilipopigwa, donge liling'aa. Halikuwa donge. Alipewa rufaa, wakachukua kinyama cha kupima, jibu likarudi sakoma, akapasuliwa kwenye hospitali kubwa, kutwa nzima. Alipona kidonda, akarudi kwenye maandazi yake. Mwaka wa tatu ugonjwa ukatokea mapafuni. Binti yake alinipigia simu kunipa taarifa ya msiba.

Nilimuuliza daktari mmoja ninayemwamini kama zile zamu tatu zangu zilibadilisha kitu. Akasema uvimbe ule ulikuwa na miezi mingi, siyo siku tatu. Huenda ni kweli. Lakini mama aliniambia kwa mdomo wake kwamba miguu haishuki, na mimi nikaandika kitu kingine.

Carrel aliona watu wamesimama bila la kufanya, akakataa kuzoea. Gibbon alipima kila dakika 15, na alichokiona hakikumtoka kichwani miaka 20. Mimi sitavumbua mashine. Ila kuandika kwenye faili kile mgonjwa alichosema, na namba niliyoipima kwa mkono wangu, hilo naliweza. Na wewe nesi unayesoma unaliweza.

Kwa ndugu zangu msio wa kada yetu: miguu ikivimba, msiogope sakoma. Mara nyingi ni moyo, figo, ini, au donge la damu la kweli, na yote yana tiba. Kama umeandikiwa dawa ya kuzuia damu kuganda, usiiache mwenyewe, ni hatari. Ila kama wiki zinapita na hali haibadiliki, au unaona mishipa inatokeza tumboni, rudi useme. Sema tena. Muulize daktari, "Je, tuna uhakika hili ni donge?" Siyo utovu wa adabu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitawaletea hadithi ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda iliyoanza mwaka 1916 kwa mwanafunzi aliyekuwa anatafuta kitu cha kugandisha damu, akapata kinyume chake. Mkiwa na maswali ulizeni, nitajibu nikitoka zamu.

Usiku mwema.